SHERIA YA NDOA NA DIRISHA LA JIRANI

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na marafiki wa Chama jioni ya Jumamosi iliyopita. Wengi waliokosa nafasi ya kukaa wametuomba tuyachape, nasi twayachapa kama yalivyosemwa.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Twashukuru kwa kukaribishwa. Twajua kwamba wako waliokuja jioni hii kusikiliza, na wako waliokuja kupinga, na wote ni wageni wetu, maana ukumbi huu haukujengwa kwa ajili ya watu wa fikira moja. Mzee mmoja ametushika mkono pale mlangoni akatuambia, "Wanangu, semeni mtakalo, lakini msitutukanishe." Twamwahidi tena mbele yenu kwamba hatutamtukanisha mtu.

Asili ya mazungumzo haya ni swali. Mwezi uliopita kijana mmoja wa tawi letu alisimama akauliza hivi: "Nchi zile zilizoruhusu watu wawili wa jinsia moja kuoana, je, sheria imewageuza watu mioyo, au imewafunga midomo tu?" Wenzake walimcheka. Sisi hatukucheka, lakini pia hatukumjibu, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Tukaenda tukasoma, na haya ndiyo tuliyorudi nayo. Hatukuja kudai sheria hiyo hapa leo wala kuilaani. Kijana aliuliza sheria inafanya kazi gani katika fikira za watu, nasi tutajibu hilo.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya maneno. Katika miji yetu neno "shoga" lina maana mbili. Mama zetu huitana shoga tangu asubuhi hadi jioni, shoga niazime kinu, shoga twende sokoni, na hapana neno la mapenzi kulishinda hilo. Neno hilo hilo likitupiwa kijana wa kiume njiani huwa jiwe. Sisi jioni hii hatutalirusha. Tutasema watu wanaopenda watu wa jinsia yao. Ni maneno marefu, lakini hayamchubui mtu.

HESABU ZA MAREKANI

Tuanze na Marekani, na si kwamba Marekani ndiyo mwalimu wetu, ila watu wa kule wana desturi ya kuulizana maoni na kuyaandika mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1958 shirika la Gallup liliwauliza kama wanaridhia ndoa baina ya mtu mweusi na mtu mweupe. Katika kila watu 100, walioridhia walikuwa 4. Wanne tu! Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya nchi ile, katika daawa ya Richard na Mildred Loving, mume mweupe na mke mweusi waliofukuzwa Virginia kwa kosa la kuoana, ilizifuta sheria zote za kuzuia ndoa hizo. Mwaka uliofuata Gallup wakauliza tena, na walioridhia walikuwa 20 katika 100. Maana yake ni kwamba majaji walisema jambo ambalo watu wanne katika kila watano hawakuwa tayari kuliridhia. Hawakuwangoja. Na watu nao hawakukimbia kuwafuata, kwa kuwa walioridhia hawakupita nusu mpaka miaka ya 1990. Lakini mwaka 2021 walifika 94.

Sasa tazameni ndoa za jinsia moja katika nchi ile ile. Mwaka 1996 waliosema zitambuliwe na sheria walikuwa 27 katika 100. Jimbo la Massachusetts lilifungua mlango mwezi wa Mei 2004, na Novemba ya mwaka huo huo majimbo 11 yalipiga kura siku moja juu ya kuzikataza, na yote 11 yakazikataza. Mtu aliyetazama siku ile angalisema sheria imewaudhi watu na mambo yameharibika kabisa. Mwaka 2011 waliokubali wakapita nusu. Na Juni 26, 2015, Mahakama Kuu ilipotoa hukumu ya kuziruhusu nchi nzima, majaji 5 dhidi ya 4, waliokubali walikuwa wamekwisha fika 60. Safari hii korti ilikuja nyuma ya watu.

Twataka mjue ni nani aliyeifikisha daawa hiyo. Aliitwa Jim Obergefell, wa jimbo la Ohio. Mwenziwe, John Arthur, alikuwa mgonjwa mahututi, hawezi kutembea, na Ohio ilikataa kuwaoza. Marafiki wakachanga fedha za kukodi ndege, wakapelekwa Maryland, wakaoana ndani ya ndege hiyo ikiwa imesimama uwanjani, kisha wakarudi kwao. Baada ya miezi michache Arthur alifariki. Obergefell hakudai karamu wala zawadi. Alidai jina lake liandikwe katika cheti cha kifo, mahali pa jina la mume. Hilo tu. Likumbukeni, tutalirudia.

Basi, nchi moja, sheria mbili za ndoa, moja imewatangulia watu na moja imewafuata, na kwa zote mbili fikira za watu zimehama. Anayetuambia kwamba sheria ndiyo iliyoleta mapenzi amekosea hesabu. Anayetuambia kwamba sheria haina kazi amekosea pia. Na lipo jambo la tatu ambalo wapenda sheria hawalipendi kulisikia. Mwaka 2022 waliokubali ndoa hizo Marekani walifika 71 katika 100. Mwaka 2025 walikuwa 68. Miongoni mwa wafuasi wa chama cha Republican waliokubali walikuwa 55 mwaka 2022, wakashuka hadi 41 mwaka 2025. Hukumu ya korti ni ile ile, haijaondolewa hata nukta. Sisi twaona kwamba maneno ya viongozi wao majukwaani yamefanya kazi yake, maana sheria haiwezi kumziba mtu masikio.

TULIVYONGOJANA

Wataalamu wawili, Margaret Tankard na Elizabeth Levy Paluck, waliwauliza Wamarekani maswali kabla ya hukumu ya 2015 na baada yake. Waliyoyaandika mwaka 2017 yanakaribia sana swali la kijana wetu. Waliona kwamba hukumu haikuyabadili maoni ya mtu mwenyewe juu ya ndoa hizo; aliyezipenda aliendelea kuzipenda, na asiyezipenda hivyo hivyo. Kilichobadilika ni dhana ya mtu juu ya wenziwe. Watu walianza kuamini kwamba wenzao wengi zaidi kuliko walivyodhani jana wanazikubali, na kwamba hesabu hiyo itazidi.

Mtasema hilo ni jambo dogo. Sisi twasema ni kubwa, na tutalieleza kwa habari iliyotukuta wenyewe, ambayo hatuisemi kwa fahari.

Miaka mingi iliyopita alifariki jirani yetu, fundi cherehani. Jina lake hatulitaji. Alitushonea kanzu za Idi tangu tukiwa watoto, na aliyekosa fedha alishonewa kwa ahadi. Alikaa nyumba moja na rafiki yake kwa muda mrefu, na mtaa ulisema uliyoyasema. Alipougua, rafiki huyo ndiye aliyemwuguza, ndiye aliyemlisha uji. Siku ya maziko, katika mtaa ule ambao mtoto mchanga akifa watu hujaa mpaka barabara haipitiki, walitokea watu sita kuchukua jeneza, na wawili kati yao walikuwa wapita njia. Sisi tulikuwa ndani. Tulifunga dirisha, na tulisikia miguu yao ikipita.

Je, ilikuwapo sheria ya kutukataza kumzika? La. Dini yetu yatuamuru kumzika. Je, tulimchukia? Hatukumchukia, kanzu aliyotushonea ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango. Kilichotufunga ni fikira moja tu, ya kwamba tukionekana watatusemaje. Baada ya miaka tukazungumza na jirani wa nyumba ya pili, naye akatuambia kwamba siku ile alikuwa amekwisha vaa kofia, amesimama nyuma ya pazia, anangoja aone kama sisi tutatoka. Nasi tulikuwa tukimngoja yeye. Mtaa mzima ulikuwa umesimama nyuma ya mapazia, kila mmoja amevaa kofia.

Na yule rafiki? Juma lililofuata ndugu wa marehemu walikuja kutoka mbali wakachukua cherehani, meza, hata pasi ya mkaa. Hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Aliondoka mtaani na sanduku moja.

Ndiyo maana twasema kazi iliyoonwa na wataalamu wale si ndogo. Sheria haiingii moyoni mwa mtu, lakini hufika mpaka dirishani. Humwambia aliye nyuma ya pazia kwamba huenda na jirani yake amevaa kofia. Na humpa aliyebaki karatasi. Kazi hii ya pili watu huisahau wanapobishana juu ya fikira, na pengine ndiyo iliyo kubwa kwa mwenyewe aliyefiwa.

Tuseme pia habari ya watoto wa shule, maana ni ya uzima na kifo. Mwaka 2017 wataalamu wa afya, wakiongozwa na Julia Raifman, walitangaza hesabu za wanafunzi wa shule za sekondari za Marekani tangu 1999 hadi 2015. Katika majimbo yaliyoruhusu ndoa za jinsia moja, wanafunzi waliojaribu kujiua walipungua kwa kadiri ya 7 katika 100 ya wale waliokuwa wakijaribu, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa wanafunzi wanaopenda watu wa jinsia yao. Watoto hao hawakuwa na umri wa kuoa wala kuolewa. Sheria ile haikuwahusu hata kidogo, ila waliisikia ikisema neno juu yao.

SHERIA YA KWENU NA SHERIA YA KULETEWA

Wako wataalamu wengine, Eugene Ofosu na wenzake, ambao mwaka 2019 walichapa uchunguzi wa majibu ya watu wapatao milioni moja wa Marekani. Walipima chuki ya wazi na ile iliyojificha, ambayo mwenyewe haikiri. Katika majimbo yaliyozikubali ndoa hizo kabla ya hukumu kuu, chuki iliyokuwa ikipungua polepole ilianza kupungua kwa kasi zaidi. Katika majimbo 15 yaliyongoja mpaka yakaletewa sheria na Mahakama Kuu, chuki iligeuka ikapanda.

Twaona hapa baadhi yenu mnatikisa vichwa kwa furaha. Mwasema, naam, ndiyo yale tuyasemayo siku zote, kitu cha kuletewa hakishiki. Twakubali. Lakini msipige makofi kabla hatujamaliza. Kanuni ya Adhabu iliyokuja Tanganyika mwaka 1930, yenye kifungu cha 154 kinachowaadhibu watu kwa kuingiliana "kinyume cha maumbile", haikutungwa na wazee wetu chini ya mwembe. Ilikuja na Waingereza, na maneno yake ni jamaa wa karibu wa maneno waliyoyaandika kwa ajili ya Bara Hindi mwaka 1860. Mabibi na mabwana, ikiwa twataka kutupa kila kilichokuja kwa meli, tutazame pande zote mbili za bandari. Hatusemi kwamba wazee wetu walikuwa na sheria za ndoa kama za Massachusetts. Twasema tu kwamba kifungu kile si urithi wao.

Na sheria ya kukataza nayo hufundisha. Jirani zetu wa Uganda walipitisha sheria mwaka 2023 yenye kifungo cha maisha na, kwa makosa fulani, hukumu ya kifo. Humo viliwekwa vifungu vya kumwadhibu mwenye nyumba aliyempangisha mtu wa namna hiyo, na kumtaka kila mtu awataje anaowashuku. Tafakarini kifungu hicho kinamfanyia nini mwenye nyumba asiye na chuki yoyote, ambaye kila mwezi hupokea kodi yake na kushukuru. Humgeuza mlinzi kwa nguvu. Aprili 3, 2024, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivifuta vifungu hivyo vya nyumba na vya kutajana, lakini sheria yenyewe ikaiacha. Ikiwa sheria ya ruhusa huwafanya watu wadhani wenzao ni wapole kuliko walivyofikiri, basi sheria ya namna hii huwafanya wadhani wenzao ni wakali.

Ireland tutaipitia upesi. Nchi hiyo ya Wakatoliki haikuwaachia majaji kazi. Wananchi wenyewe walipiga kura Mei 22, 2015, na 62 katika 100 wakakubali. Kabla ya kura watu walipita mlango kwa mlango, mtoto wa fulani akimweleza mama fulani aliyemjua tangu utotoni. Sheria ilipofika, kazi ya kuwazoeza watu ilikuwa imekwisha anza jikoni.

AFRIKA YA KUSINI

Lakini ninyi ni watu wa Chama, na twajua mtauliza habari za Afrika. Basi twende Afrika ya Kusini, nchi ambayo wapigania uhuru wake walikaa kwetu, Morogoro na Dar es Salaam, wakala ugali wetu, na ambayo ni nchi ya kwanza ya bara letu kuruhusu ndoa hizi.

Makaburu walijua vizuri nguvu ya sheria ya ndoa. Walishika serikali mwaka 1948, na mwaka 1949, kabla ya mambo mengi mengine, walipiga marufuku ndoa baina ya weupe na wasio weupe. Waliona kwamba ukitaka kuwafundisha watu nani ni mtu na nani si mtu, mahali pa kuanzia ni kitabu cha kuandikia ndoa. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1985.

Wapigania uhuru nao hawakuzaliwa wakijua jambo hili. Mwaka 1987, huko London, Ruth Mompati, mama shujaa aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano ya wanawake Pretoria mwaka 1956, aliulizwa na mwandishi wa gazeti juu ya haki za watu wanaopenda watu wa jinsia yao, akajibu kwa maneno ya kuwapuuza. Maneno yale yaliwaudhi wengi waliokuwa wakiunga mkono ukombozi. Haukupita muda Thabo Mbeki akaandika kutoka Lusaka kwamba chama chao kinapinga ubaguzi wa namna zote, na huo nao umo.

Huko nyuma gerezani jambo hilo hilo lilikuwa limekwisha leta ugomvi. Simon Nkoli, kijana mpigania uhuru, alikamatwa mwaka 1984 kwa sababu ya maandamano ya kodi za nyumba, akashtakiwa pamoja na wenzake 21 katika daawa kubwa ya uhaini ya Delmas, kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo. Wakiwa ndani aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Baadhi yao walikasirika hata wakataka kesi yao itengwe na yake. Wakabishana kwa muda mrefu, na mwisho wakakaa naye kizimbani. Mmoja wa washtakiwa hao alikuwa Mosiuoa Lekota, ambaye watu humwita "Terror". Lekota alikiri baadaye kwamba Nkoli aliwafunza wote, maana mtu aliyekubali kufa pamoja nao hawangeweza kumwambia kwamba uhuru ukija yeye abaki nje.

Nkoli aliachiliwa mwaka 1988. Oktoba 13, 1990, aliongoza Johannesburg maandamano ya watu wa namna yake, ambayo ni ya kwanza kusikika katika Afrika. Wako waliotembea siku ile wamefunika vichwa kwa mifuko ya karatasi iliyotobolewa macho. Sisi tuliposoma habari ya mifuko ile tulikumbuka mapazia ya mtaani kwetu.

Kisha sheria zikaja mfululizo. Katiba ya 1996 ilikataza ubaguzi wa aina hii kwa kuutaja wazi. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria ya kuwafunga wanaume. Nkoli alifariki Novemba 30 ya mwaka huo. Desemba 1, 2005, mahakama hiyo hiyo iliwahukumia haki Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wanawake wawili waliotaka kuoana, na aliyeandika hukumu ni Jaji Albie Sachs, ambaye bomu la makaburu lilimkata mkono na kumpofua jicho moja Maputo mwaka 1988. Majaji hawakuifunga ndoa wenyewe. Walilipa Bunge miezi 12 litengeneze sheria. Sisi twaona walifanya busara, maana kwa hivyo wawakilishi wa watu walilazimika kusimama na kusema mbele ya watu.

Na walisema! Jacob Zuma, makamu wa rais wa chama tawala wakati ule, alitamka Septemba 2006 kwamba ndoa hizo ni fedheha kwa taifa na kwa Mungu. Kelele zikawa nyingi akaomba radhi. Chama kiliwaagiza wabunge wake wakubali, wapende wasipende. Novemba 14, 2006, kura zilikuwa 230 za kukubali na 41 za kukataa. Aliyesimama kuitetea siku hiyo ni Lekota yule yule, sasa ni Waziri wa Ulinzi, akawakumbusha wabunge kwamba watu hao walikuwamo katika safu za ukombozi. Sheria ilianza kazi Novemba 30, 2006, siku ile ile Nkoli aliyofariki, miaka minane baadaye.

Je, mioyo? Miaka miwili haijatimia, Aprili 2008, Eudy Simelane, mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, aliyeishi bila kuficha kwamba anapenda wanawake, alinajisiwa na kuuawa KwaThema, mtaa aliozaliwa. Na Februari 2025 Imamu Muhsin Hendricks, aliyetangaza waziwazi kwamba yeye ni mmoja wao na aliyewafungulia msikiti, alipigwa risasi mchana katika gari huko Gqeberha, akafa. Hatuwezi kusimama hapa tukawaambia kwamba sheria ilimkinga mtu yeyote kati ya hao wawili.

Hesabu nazo zina mengi ya kusema. Baraza la utafiti la nchi ile liliuliza watu mwaka 2015. Watu 72 katika 100 walisema tendo lenyewe ni kosa. Lakini katika watu hao hao, 51 walisema wenye kulifanya wastahili haki sawa na wengine. Maana yake wako wengi wasemao yote mawili kwa kinywa kimoja, na sisi hatuwaiti wanafiki; mtu aweza kulikataa jambo nyumbani kwake na bado akakataa jirani apigwe kwa ajili yake. Waliopinga ndoa hizo kwa ukali walikuwa 48 katika 100 mwaka 2012, na miaka mitatu baadaye walikuwa 23. Tazameni tarehe. Sheria ilikuwa na umri wa miaka sita kabla ya upungufu huo.

Kadhalika shirika la Afrobarometer liliwauliza watu wa nchi 33 za Afrika, mwaka 2014 na 2015, kama wangeudhika kuwa na jirani wa namna hiyo. Wasioudhika kwa nchi zote walikuwa 21 katika 100. Afrika ya Kusini walikuwa 67, Uganda 5, Senegal 3. Mtu wa haraka atasema, basi, ni sheria ya ndoa. Lakini Cape Verde walikuwa 74 na Msumbiji 56, na nchi hizo hazina sheria ya ndoa za jinsia moja. Msumbiji iliondoa adhabu ya Mreno kitabuni mwaka 2015 tu, tena bila tarumbeta. Kwa hiyo kijana wetu asipewe jibu jepesi. Viko vingine vinavyolainisha fikira za watu: miji, bandari, redio, na kujuana kwa siku nyingi.

Tumalizie na karani. Sheria ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 6, kilichomruhusu ofisa wa serikali kukataa kuwaoza watu hao akisema dhamiri yake haimruhusu. Huo ulikuwa mlango wa nyuma. Mamia ya maofisa waliutumia, na ziko ofisi ambazo wapenzi walifika na karatasi zao zote wakaambiwa hapana mtu wa kuwaoza, nendeni mji mwingine. Sheria iko, mhuri uko, wino uko, na karani ametazama upande wa pili. Hivyo watu waliokuwa wamepanga foleni nyuma yao walifundishwa na Serikali yenyewe kwamba sheria ya Serikali ni ya kuonewa haya. Miaka kumi na minne mlango huo ulikaa wazi. Mbunge mmoja, bibi Deidre Carter, ndiye aliyeleta mswada wa kuufunga, na Rais Cyril Ramaphosa akautia sahihi Oktoba 2020. Bibi huyo alikuwa wa chama kidogo cha upinzani kiitwacho COPE. Kiongozi wa chama hicho alikuwa Mosiuoa Lekota.

Bwana Mwenyekiti, tumetumia muda mrefu kuliko tuliopewa. Tuko tayari kwa maswali. Yule kijana aliyechekwa mwezi uliopita, kama yumo humu, twaomba aanze yeye.